Saa ya Mkasi, Saa ya Salamu

Nilirudi Kisauni na diploma ya usimamizi niliyoisomea jioni baada ya zamu, miaka yote niliyokuwa nikifua mashuka ya hoteli huko Ghuba. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nilianza kwa kusukuma mikokoteni ya nguo chafu, nikaondoka nikiwa msimamizi wa dobi zima. Kwa hivyo nilipofungua duka la ushonaji hapa mtaani sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa na cherehani mpya, na fundi wangu alikuwa mama yule yule aliyenishonea sare ya darasa la kwanza. Hadi leo sijaona mkono kama wake.

Tulipata kazi ya harusi: magauni ishirini na manne ya sare, kitambaa kimeagizwa nje, hakuna duka la Mombasa lenye mfano wake. Asubuhi moja nikamkuta ameketi, mkasi mapajani. Gauni la kwanza alikuwa amelikatia mikono miwili ya upande mmoja. Kitambaa cha ziada kilitosha kufidia kosa hilo tu.

"Mwanangu," akasema, "nikiharibu jingine nakukabidhi mkasi wako, naenda kukaa na wajukuu. Nimezeeka."

Sikuamini kuwa ni uzee. Nilichukua kigoda na daftari nikamtazama hadi adhuhuri. Akikata kidogo, anaingia mtu na zipu ya suruali. Akirudi kukata, anaitwa apime mtoto kanzu. Akishika mkasi tena, jirani anapita: "Asalaam aleikum, Bi Fundi!" Basi huulizwa ya nyumbani, ya watoto, ya goti, ya shemeji aliye Lamu. Kila akirudi mezani alizitazama alama za chaki upya, kama aliyeamka ugenini.

Nikamweleza nilivyojifunza dobini. Hatukufua shuka moja, tukalikausha na kulipiga pasi, ndipo tukachukua jingine. Vyeupe vilikwenda pamoja, taulo pamoja, pasi siku yake. "Wewe nawe kata yote kwanza," nikamwambia. "Halafu shona yote. Pindo na vifungo mwisho."

"Na watu?"

"Watu niachie mimi. Nina diploma."

Nikamtundikia pazia, akakatia chumba cha nyuma. Mimi nikakaa mlangoni nikiitikia salamu kwa niaba ya duka zima, maana akiitikia mmoja wenziwe wamesameheka. Siku ya kwanza ilikwenda vyema. Siku ya pili akaja bibi wa jirani, mkononi sufuria ya uji wa mchele.

"Anaumwa na nini?"

"Haumwi, bibi. Yuko kazini."

"Yuko kazini na haonekani? Usinifiche, mjukuu wangu. Ni presha?"

Kufika alasiri walikuwa wanawake tisa kwenye mkeka, mmoja amekuja kutoka Kiembeni, wote wamekuja kumjulia hali mgonjwa. Pazia likafunguliwa. Fundi akatoka na sindano kinywani, wakamshika mikono na paji la uso.

"Mzima huyu!"

"Basi aliyemfungia ndani nani?"

"Huyu hapa wa Ghuba. Huko hawaamkiani?"

Walinicheka, nikakubali kuchekwa. Lakini kazi ilikuwa imesimama, na nilimwona fundi akilitupia jicho lile rundo la mezani. Akaitoa sindano.

"Jamani, mimi mzima, alhamdulillahi. Ila nikiwa na mkasi siwezi kuwa na nyinyi. Njooni baada ya alasiri, kila siku. Mwenye kupimwa nitampima, mwenye zipu ailete, mwenye hadithi akae kitako."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi mniombee dua."

Wakaondoka wameridhika, kwa kuwa hakuna aliyefukuzwa. Kila mmoja alikuwa ameahidiwa saa yake. Mimi ningebandika tangazo ukutani na mtaa ungeninunia. Mpango wa kukusanya kazi za aina moja ulikuwa wangu, nasema bila haya. Saa aliichagua yeye, na bila saa hiyo mpango ungebaki daftarini.

Alikata siku mbili, akashona siku nne. Siku ya pindo nilimsikia akiimba kwa sauti ya chini, jambo ambalo sikuwahi kulisikia dukani. Shangazi wa bibi harusi alipokuja, fundi alitandaza magauni mezani moja moja, akilinganisha mkono wa kulia na wa kushoto mbele ya macho yake, hadi la ishirini na nne.

"Mashallah," shangazi akasema. "Hakuna hata moja la kurudisha."

Nilimgeukia fundi. Alikuwa akimsikiliza mama mmoja aliyesimama mlangoni na kitambaa cha kanzu za Idi.

"Kiache hapo," alimwambia. "Alasiri uje na wanao wote, niwapime kwa pamoja."