Twiga Namba Arobaini na Moja

Harufu ya mti wa muhugu unaposuguliwa kwa msasa, tamu na ya kukwaruza koo, hunirudisha mtaani kwetu Jericho na kunipandisha mori. Nisameheni, lakini tangu miaka ya tisini hasira hiyo haijanitoka.

Baba alikuwa mchongaji kwenye karakana ya Wakamba karibu na Majengo. Mimi, msichana wa miaka kumi na minne, nilishinda kwenye chumba cha kompyuta cha Mwalimu Fidelis mtaani kwetu. Likizo moja alitufundisha kutengeneza tovuti kwa violezo, yaani kurasa zilizokwisha kupangwa: picha huku, maelezo kule, jina juu. Changu nilikijaza picha za twiga wa Baba. Picha zilifunguka polepole, pembe kwanza, kwato baadaye, nami nikizingoja kama ugali usiotaka kuiva.

Penye jina nilitaka kuandika lake, Baba akakataa. "Kazini hatuandiki majina, mama. Tunaandika namba, kila mtu na yake." Kweli, chini ya kila twiga alikata 41 kwa patasi. Nami, mjinga wa kutii, nikaandika 41.

Wiki iliyofuata walikuja wageni. Mwalimu akawafungulia ukurasa wangu. Twiga walikuwa wale wale, ila mahali pa 41 palikuwa na jina la Mwalimu mwenyewe. Wageni wakampigia makofi.

Walipoondoka nilimkabili. "Mbona umeiba twiga wa baba yangu?"

"We mtoto, kompyuta ni yangu, stima ni yangu. We ulijaza tu. Kwani arobaini na moja ni jina ya mtu?"

Nilikimbia hadi karakana nikilia. Nilitaka Baba aende akamkabe shati. Aliendelea kumsugua twiga mmoja aliyekatika sikio. "Wacha, mama. Si twiga bado ako na shingo?" Wenzake wakacheka. Jioni Mama akaniambia kimya kingi kina mshindo mkuu, nikaiona methali ya waoga. Mwalimu nilimchukia, Baba nilimchukia zaidi. Sikumwonyesha tena kitu chochote nilichotengeneza.

Mwezi uliopita, baada ya kumzika Baba, nilikuwa nikiwapanguza twiga waliobaki nyumbani. Nikampindua yule aliyekuwa akimsugua siku ile. Namjua kwa sikio lake lililokatika; jioni ile ile Baba alimleta nyumbani, na patasi zake hazikuwahi kutoka karakana. Namba 41 ilikuwa imekwanguliwa. Pembeni, kwa herufi kubwa zilizopinda, zilizochimbwa kwa nguvu hadi mti ukapasuka, palikuwa na jina lake: MUTUA.

Siku ile ile, basi. Alikuwa na hasira kuliko mimi, nami nikamnunia hadi kaburini.