Kisima Ambacho Mwende Hakukingoja

Usinicheke. Darasa la tatu ndipo nilipoishia, lakini nyumba ya matofali nimeijenga kwa mikono hii, na macho yangu hayajawahi kunidanganya. Nikisema niliona, niliona. Tena mchana kweupe.

Binti yangu Mwende alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne. Alisoma hadi macho yakawa mekundu, chakula kikapoa pembeni. Mama yake akimwambia apumzike, anajibu, "Mama, wenye kulala ndio huanguka." Mimi nilifurahi. Kichwa kigumu kama changu!

Siku hiyo nilimwacha mezani, nikashuka mtoni na punda. Hapa kwetu Kathonzweni mto ni mchanga mtupu. Unachimba kisima, unachota vikombe vichache, kisha unakaa kando maji yajikusanye tena. Hata mtoto mdogo anajua.

Nikamkuta Mwende kisimani. Sare ya shule, magoti kwenye mchanga, anachota bila kusimama. Alikuwa anachota matope, anamimina kwa mtungi, na mtungi haujai.

"Wewe, si ungoje maji yaje!"

Hakugeuka. "Sina wakati, Baba. Wengine wananipita."

Wengine gani? Mto mzima tulikuwa sisi na punda, na punda alikuwa amegoma kusogea. Nikaangalia mchanga. Nyayo zilikuwa zangu na za punda tu.

Nilikimbia, mzee mzima. Nyumbani nikamkuta Mwende palepale mezani. Lakini kucha zake, niamini, zilikuwa zimejaa matope mabichi.

"Umetoka nje?"

"Baba, jua limekupiga," akacheka. "Acha nisome."

Nikamfungia vitabu kwa sanduku. Alilia siku nzima mpaka nikamrudishia.

Siku ya mtihani alisoma swali la kwanza. Karatasi zikikusanywa, alikuwa bado analisoma hilo hilo.

Daktari alisema ni uchovu wa akili, utaisha. Huu ni mwaka wa pili. Mwende anapika, anafua, hata kanisani anaimba. Lakini akienda mtoni lazima mtu amfuate amshike mkono, kwa sababu hangoji. Anachota matope, anamimina.

Wewe unayewaringia majirani kwamba mtoto wako halali, anasoma tu: nenda sasa hivi umfungie vitabu. Atakukasirikia. Atalia. Mwache alie, na usimrudishie.