Mkanda Mpya wa Pikapu ya Baba

Mpaka leo harufu ya mpira ulioungua hunifanya nizibe pua. Nilikuwa darasa la tatu, msimu wa zabibu umeanza, na harufu hiyo ndiyo iliyotuamsha kila asubuhi pale kwetu Chang'ombe. Baba alikuwa na pikapu kuukuu ya kubebea zabibu kutoka Makutupora, na kila alipoiwasha, mkanda wa feni ulipiga yowe hadi kuku wa jirani wakatawanyika. Ulikuwa umechakaa, umejaa nyufa kama kisigino cha kiangazi. Kwa fundi hakwenda. Mafundi wote wa mtaani alikwisha kuwatukana.

Jumamosi moja alileta mpya akaanza kuufunga mwenyewe uani. Alilegeza bolti, akautoa ule wa zamani, akanichapa nao miguuni, akacheka niliporuka. Mpya ukamgomea. Ulikwisha kuingia kwenye puli ya chini, lakini juu haukupanda, na mkono wake mnene haukupita kati ya feni na rejeta.

"Yudi! Njoo usukume huu mkanda. Nitagusa starta kidogo tu, utapanda wenyewe."

Mama akatoka jikoni, unga mikononi. "Baba Yudi, huo ni mkono wa mtoto."

"Na zabibu zikiozea shambani, utazibeba wewe kichwani?"

Nikasukuma. Nilisukuma kwa nguvu zangu zote, maana nilitaka anisifu. Akapitisha mkono dirishani, akazungusha ufunguo. Injini ilikohoa mara moja. Maumivu sikuyasikia mwanzoni. Nilisikia yowe la mama. Vidole vyangu viwili, cha kati na cha pete, havikuwa na ncha tena.

Baba alikuja, akainama kwanza kwenye injini. "Umekaa," akasema. Akapangusa damu kwa tambara la oili, akakaza bolti, akafunga boneti, akaondoka kwenda Makutupora. Zahanati ilikuwa njiani kwake. Mama alinibeba mgongoni hadi huko, mtoto mkubwa kama mimi, kwa miguu, khanga yake ikilowa begani. Jioni baba alirudi amechangamka, gari halipigi kelele, akawaambia majirani kwamba mkanda mpya lazima uonjeshwe nyama. Wengine walicheka.

Sasa nina gari langu. Fundi wangu, kijana wa Kondoa, kabla hajaingiza mkono kwenye injini huchomoa ufunguo akautia mfukoni mwake. Mara ya kwanza nilipomwona akifanya hivyo nilijifanya napokea simu, nikaenda pembeni nikalia. Mama hayupo tena. Baba amezeeka, anaishi Zuzu kwa mdogo wake, na nikimwamkia huushika mkono wangu huu huu kwa muda mrefu. Krismasi iliyopita nilijikaza nikamuuliza kama anaikumbuka siku ile ya mkanda. Akafikiri, akatabasamu.

"Naikumbuka vizuri. Zabibu za siku ile zilikuwa tamu! Na kuna mtoto alinisaidia kuufunga," akasema. "Hivi yule mtoto alikuwa wa nani vile?"