Niliandika Gari la Tajiri Wangu Daraja Lisilo Lake

Admin, naomba uipandishe hii bila jina langu. Nina miaka sabini na sita, nakaa Kambarage hapa Shinyanga na mke wangu, Mama Kulwa. Mkitaka kunitukana sawa, ila someni mpaka mwisho kwanza.

Miaka ya sabini nilikuwa fundi magari. Jumapili tulikuwa na mashindano yetu ya ridhaa kwenye uwanja wa wazi nje ya mji. Tunapanga madramu, gari moja moja linapita kwa kukata kona katikati yake, mwenye muda mfupi ndiye mshindi. Mimi nilipewa kazi ya kukagua magari na kuyapanga madaraja. Daraja la chini lilikuwa la magari ya kawaida, la juu ni la yale yenye nguvu za ziada, hata kama nguvu hizo zimefungwa kiwandani. Hicho kipengele cha kiwandani wengi hawakukijua. Mimi nilikijua vizuri sana.

Rafiki yangu Masanja alikuwa na gari dogo jeupe. Tajiri wangu, mwenye gereji, akaleta la aina ileile, rangi tu ndiyo tofauti. Nikafungua boneti nikakuta kabureta mbili badala ya moja, na chini springi fupi, ngumu. Lilitoka kiwandani likiwa limeongezewa nguvu. Nikamwambia, "Bosi, hili ni la daraja la juu."

Akacheka. "Kuna kitu nimefunga mimi hapo? Limeshuka melini hivyohivyo. Liandike chini."

Nikaandika. Nilikuwa mwoga, na ugali wangu ulitoka kwake.

Jumapili tatu mfululizo Masanja akaachwa na gari la tajiri sekunde nne nzima. Hakulalamika, alijilaumu mwenyewe. "Gari ni moja, injini ni moja," aliniambia, "basi ni mimi nisiyejua kuendesha. Wewe fundi, unaonaje?"

Nikamwambia akaze mwendo kwenye kona ya mwisho. Ndiyo maneno niliyompa rafiki yangu.

Jumapili ya nne aliingia kona ile bila kugusa breki. Gari likabiringika mara tatu. Tulipomtoa alikuwa keshakata roho. Gari la tajiri lilikuwa limeegeshwa pembeni, boneti imefungwa, na hakuna aliyeuliza kitu.

Mjane wake alibaki na mapacha, Kulwa na Doto. Nilianza kwa kuwapelekea unga na mafuta, nikaishia kumwoa. Watu walinisifu kwa roho nzuri, na kila sifa ilinichoma. Nampenda mke wangu, asije mtu akaniambia yalikuwa majuto tu. Ila tangu wakati ule, nikifungua boneti ya gari lolote namwona Masanja ameinama upande wa pili, ananiuliza, "Wewe fundi, unaonaje?" Nikaacha ufundi. Watu wakadhani ni mgongo.

Sasa Mama Kulwa anaumwa moyo, na daktari ametuambia tujiandae. Juzi asubuhi namnywesha uji, akaniambia jambo ambalo hajawahi kulitamka miaka yote tuliyoishi.

"Baba Kulwa, siku ile mimi na marehemu tuligombana. Nilimwambia, mwanaume gani wewe unashindwa na gari kama lako? Akatoka hajala. Nilimuua mimi. Kila Kwaresima namfungia, na sijui kama amenisamehe."

Nikaweka kikombe chini. Nikamshika mkono, nikanyamaza. Jamani, nilinyamaza tena.

Nikimwambia ukweli, atajua si yeye aliyemuua mumewe. Lakini atajua pia ni nani aliyelala naye kitanda kimoja na kumlelea wanawe. Nikikaa kimya, atazikwa na kosa ambalo ni langu. Kulwa na Doto wako njiani kutoka Katoro, wanafika kesho, na mbele yao sitaweza kufungua mdomo.

Ninyi mlio wengi humu, nishaurini leo hii. Niingie chumbani nimwambie, au nimwache aende?