Mguu wa Kushoto wa Zephaniah

Zephaniah Amugune, jirani yangu hapa Ilford, huvaa glavu nyeupe na kubeba michoro ya Wafaransa waliokufa zamani, katika nyumba moja ya minada katikati ya London. Dalali akitaja mchoro, Zephaniah huuinua mbele ya matajiri na kusimama kimya mpaka nyundo igonge. Ameifanya kazi hiyo miaka minane, wala hajaangusha chochote.

Nalitaja hilo kwa sababu mama yake, Margaret, aliyeko Vihiga, alikataa katakata kuliamini.

"Zephaniah yupi?" aliuliza kila alipoelezwa. "Huyu aliyevunja taa, saa ya marehemu baba yake, na trei nzima ya mayai ya kanisa? Wazungu gani hao wasio na macho?"

Alishuku kwamba mwanawe anaficha kazi ya aibu, na shaka hiyo ilimuuma Zephaniah kuliko baridi ya Januari.

Mwezi Juni, mnada wa mchana ulipangwa kuonyeshwa moja kwa moja mtandaoni. Zephaniah alipangiwa mchoro wa matofaa matatu, mdogo kama kitabu cha nyimbo. Kwa hesabu yake, uso na kifua vingeonekana vyote. Alinunua tai. Akatangazia kanisa zima, jambo ambalo halikuwa na ulazima wowote.

Siku ilipofika tuliketi nyumbani kwake na mkewe, Bridget, ambaye aliielekeza simu ya video kwenye televisheni ili Mama Margaret na majirani zake kule Vihiga waone. Dalali akatangaza kwamba mwenye matofaa ameyaondoa mnadani. Badala yake likaletwa bwawa la maua, kubwa kama mlango wa ghala. Chini yake palionekana viatu viwili. Pembeni, vidole vyeupe. Tai haikuonekana.

"Mwanangu yuko wapi?" akauliza Mama Margaret.

"Yuko nyuma, Mama."

"Nyuma ya nini?"

"Nyuma ya maji, Mama."

Nimesoma historia chuo kikuu. Najua thamani ya nasaba. Katalogi niliyokuwa nayo ilitumia kurasa tatu kuwataja wote waliowahi kulimiliki bwawa lile: mjane wa mwenye benki, mpwa wake, hata hoteli lilikotundikwa msimu mmoja. Aliyelibeba hakupewa hata mstari. Nililisema hili kwa kirefu, hadi Bridget akaniomba ninyamaze kwa kuwa bei ilikuwa inapanda.

Ilipopita pauni milioni mbili, Mama Margaret alisema polepole, "Bridget, sogeza simu. Huo mguu wa kushoto."

Tukautazama. Ulikuwa umegeukia nje, kisigino kimeinuka kidogo.

"Ndiye. Husimama hivyo akiogopa kuangusha kitu. Alisimama hivyohivyo na yale mayai."

Tangu hapo hakuna aliyejali bei, Ilford wala Vihiga. Tuliutazama mguu. Nyundo ikagonga, bwawa likageuka taratibu, likatoka mlangoni bila kugusa popote.

Wakati wa mapumziko Zephaniah alipiga simu, sauti imemfifia.

"Mama, hukuniona."

"Nimeuona mguu wako, baba, na mali ya watu imetoka nzima." Kisha akaongeza: "Ukija Desemba, mayai ya kanisa utayabeba wewe."