Fundi Anayezibua Ukuta Alioziba Mwenyewe

Saa moja asubuhi, fundi mwashi wa miaka sabini na moja yuko juu ya jukwaa la mbao, nje ya wodi ya hospitali, anagonga patasi kwenye ukuta alioujenga kwa mikono yake. Saruji inamomonyoka. Tundu linafunguka, pana kama kiganja. Anaingiza mkono, anatulia.

"Upepo upo," anasema. "Sisi ndio tuliufungia mlango."

Ni ukuta wa matofali ya matundu, kazi ya msanifu aliyeigwa hadi nchi za jirani. Msanifu ameshafariki. Fundi alimtumikia miaka kumi na tisa.

"Alikuwa msumbufu yule! Anaweka kiti kiwanjani, wiki nzima hachori hata mstari. Tukamsema, huyu kaja kuota jua. Kumbe anatafuta upepo unakotokea."

Miaka kumi na miwili iliyopita, uongozi wa hospitali ulileta viyoyozi, na viyoyozi havitaki matundu. Akaitwa fundi, maana ndiye aliyezijua kuta zile. Aliziba matundu elfu moja na mia nne kwa wiki tatu.

"Mke wangu aliniambia, 'Baba we, unamziba mgonjwa pua.' Nikamwambia aniache, kazi ni kazi."

Viyoyozi vilikufa kimoja kimoja. Wodi zikawa tanuri. Unyevu ukakosa pa kutokea, ukala nondo, vyuma vilivyo ndani ya zege. Mwaka jana kipande cha zege kilimvunja muuguzi bega. Mkaguzi wa majengo akaandika kuwa jengo lilisanifiwa vibaya, libomolewe.

Fundi aliomba apewe nafasi ya kuonyesha ukweli. Akapewa ukuta mmoja, mpaka Ijumaa, mkaguzi atakaporudi.

Mkewe anafika na chupa ya chai. "Umekula, mzee, au umeshiba vumbi?"

"Vumbi la leo halina chumvi."

Mkewe hacheki. Fundi anamwonyesha alichokifukua jana: nondo iliyoliwa, imebaki nyembamba kama njiti.

"Paka plasta hapo," mkewe ananong'ona. "Nani atajua?"

"Nilishapaka mara moja, mama. Matokeo yake ndiyo haya."

Ijumaa atamwonyesha mkaguzi upepo, halafu nondo. Kwa nondo zilizoliwa hivyo, hategemei tena kuliokoa jengo.

"Wakibomoa, wabomoe. Ila ile taarifa waiandike upya. Waandike kwamba mzee wa watu alichora vizuri, na aliyeziba ni mimi."

Anashika patasi. Amebakiza matundu mia mbili.