Kabla Mkasi Hajapasuliwa

Aliyembandika jina la Mkasi hakumwonea. Alikuwa mkataji mkuu katika karakana ya kushona sare, na kwa miaka kumi na tisa alikata mashati, sketi na makoti ya wauguzi bila kukosea mstari. Mdomo wake nao ulikata. Ukichelewa dakika tano, alikuuliza kama umekuja kufanya kazi au umepita kusalimia. Ukishona kola ikapinda, aliivaa shingoni akatembea nayo meza hadi meza mpaka watu washike mbavu, na wewe mwenye kola ulicheka nao, maana usipocheka angeendelea hadi jioni.

Pale karakana palikuwa na sheria moja aliyoileta yeye mwenyewe. Aliyechafua kitambaa, awe amekishika kwa mikono ya mafuta au amekimwagia chai, atakifua mwenyewe kwenye bomba la nje saa ya mapumziko, wenzake wakiwa wamekaa ngazini wanamtazama, kisha atakianika kwenye kamba ya mbele. Hapakuwa na faini wala kufukuzwa. Bosi aliipenda sheria ile kwa sababu vitambaa viliacha kuchafuka. Washonaji hawakuipenda hata kidogo, ila nani angeanza kumwambia Mkasi?

Sasa nikuambie jambo ambalo hakuna mtu pale aliyelijua. Kwa karibu miaka miwili Mkasi alikuwa anatokwa na damu. Sisemi hedhi ya siku nne tano kama ya watu. Yake ilikwenda siku kumi na mbili, na mabonge, kisha anapumzika wiki moja inaanza upya. Alivaa pedi mbili mbili, na juu yake kipande cha flana alichojikatia kutoka kwenye mabaki. Alivaa sketi nyeusi kila siku ya Mungu, wenzake wakamtania kwamba amefiwa na mume ambaye bado anakula. Tumbo la chini lilikuwa gumu na limetokeza. Alikuwa na miaka arobaini na sita, na watoto wawili wakubwa ambao walishahama nyumbani, kwa hiyo hapakuwa na mgeni yeyote aliyetarajiwa humo tumboni.

Alivumilia kwa sababu ya aibu. Ukimuuliza aibu ya nini, asingeweza kukueleza vizuri. Alijiona mchafu, basi. Mtu aliyewasimanga wengine kwa doa la chai hawezi kuinuka na kusema kwamba yeye mwenyewe anavuja.

Ikaja siku ya makoti meupe. Mkataji hakai, meza yake inamfika kiunoni, na kitambaa hutandazwa tabaka juu ya tabaka mpaka thelathini. Asubuhi ile kizunguzungu kilimshika, akajiegesha kwenye furushi la kitambaa cheupe lililokuwa ukutani. Alikaa dakika tatu tu. Alipoinuka aliona doa jekundu la upana wa kiganja, bado bichi. Wengine walikuwa wameinamia cherehani zao. Akachukua karatasi ya kielelezo, akalifunika nayo palepale, akaenda chooni kujisafisha, akijiambia kwamba akirudi atalitoa lile furushi kimyakimya.

Chooni alichelewa. Aliporudi, Mama Vifungo alikuwa amekaa juu ya furushi.

Mama Vifungo alikuwa mwanamke mpole, mdogo kwake kwa miaka michache, kazi yake kushona vifungo na matundu yake. Kiti chake kilikuwa kimevunjika mguu, kwa hiyo alikuwa na mazoea ya kukalia furushi lolote lililo karibu na dirisha. Karatasi aliiweka kando bila kutazama chini yake. Alipokuja kuinuka kupeleka makoti, mshonaji wa kola aliguna akanyoosha kidole. Doa lilikuwa kwenye kitambaa, na doa jingine, hafifu, lilikuwa nyuma ya gauni la Mama Vifungo.

Bosi akatoka ofisini. "Nani alikaa hapa?"

Macho yote yalikuwa upande mmoja. Mama Vifungo alijipapasa nyuma, akatazama mkono wake, uso ukamparara. Mkasi alikuwa amesimama hatua nne kutoka pale. Sentensi moja tu ilitosha. Badala yake mdomo wake ulifanya kazi uliyozoea.

"Si mtu aangalie anapokaa?" alisema. "Sheria ni ile ile."

"Samahani, dada," Mama Vifungo akamjibu kwa sauti ndogo. "Kweli niko kwenye siku zangu. Sikujua kama imenizidi."

Hilo ndilo Mkasi hakulitegemea. Alidhani mwenzake atakataa, watabishana, na katika mabishano labda ukweli utapenya wenyewe. Kumbe mwenzake aliamini. Alikwenda bombani na lile furushi lote kifuani, akakunjua, akapaka sabuni, akasugua, watu wakiwa ngazini. Mmoja alicheka. Mkasi alibaki ndani akipiga mistari ya chaki, akijitia hamnazo, na aibu ilimchoma masikio hadi akakosea kipimo cha mkono.

Usidhani kwamba baada ya hapo dhamiri ndiyo iliyompeleka hospitali. Alikwenda kwa sababu mwezi uliofuata alishindwa kupanda ngazi saba za karakana bila kusimama katikati.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti nyembamba. Alimpima, akampeleka kwenye picha ya tumbo, akamtoa damu. Majibu yalipokuja, alisogeza kiti chake.

"Mama, damu yako imeshuka sana. Wenzako wana kumi na mbili, wewe una saba. Na mfuko wa uzazi una uvimbe, si mmoja. Umefikia ukubwa wa mimba ya miezi mitano."

"Ni saratani?"

"Kwa tulivyouona, hapana. Tumepima na mlango wa kizazi, uko salama. Lakini usipotibiwa, damu itakumaliza."

Akageuza karatasi akachora. Mkasi, ambaye michoro ndiyo maisha yake, alimwambia upande wa kushoto ameufupisha. Daktari akacheka akarekebisha. Kisha akaeleza taratibu. Kuna vidonge na sindano za kupunguza damu, lakini uvimbe wa ukubwa ule hauondoki kwa hivyo peke yake. Kuna kutoa uvimbe na kuacha mfuko, na hilo wanalichagua zaidi wanaotaka bado kuzaa. Ila uvimbe wake ulikuwa mwingi, na unaweza kuota tena. Au kuna kutoa mfuko wenyewe, na hapo hedhi inakwisha moja kwa moja.

"Na hivi viwili vya pembeni?" Mkasi akagusa mchoro.

"Hizo ni ovari. Zako ni nzima. Tukiziacha, mwili wako utaendelea kama kawaida mpaka umri wake ufike. Tukizitoa leo, joto la ghafla, kukosa usingizi, ukavu, vyote vitakuja kwa mkupuo. Mimi ningeziacha. Mlango wa kizazi tunaweza kuutoa au kuuacha. Ukiuacha, utaendelea kupimwa kila baada ya muda. Lakini mwili ni wako."

Akamweleza na ya baadaye. Atapasuliwa kwa chini ya kitovu, maana mfuko mkubwa vile hautoki kwa matundu madogo. Siku tatu nne hospitali. Atainuliwa atembee kesho yake, hata kama atawachukia wauguzi, ili damu isigande miguuni. Akikohoa, akumbatie mto tumboni. Matone kidogo ya damu kwa wiki kadhaa ni kawaida. Damu nyingi, homa au kidonda kutoa usaha si kawaida, arudi mbio. Wiki sita hakuna kubeba ndoo, hakuna kusimama kutwa, na hakuna mambo ya chumbani mpaka apimwe.

"Wengine hulia," daktari akaongeza. "Hata wale waliomaliza kuzaa. Wengine hushangaa kwamba hawakulia. Vyote sawa. Mzee yupo? Utahitaji mtu nyumbani."

"Amesafiri," Mkasi akasema, na mumewe wakati ule alikuwa mtaa wa tatu kutoka pale anatengeneza pampu ya maji. Kisha akauliza swali moja lililokuwa likimsumbua hasa, macho yakiwa kwenye viatu vyake. "Watu watajua?"

"Watajua umefanyiwa upasuaji. Mengine utayasema wewe, ukitaka."

Akapewa vidonge vya kuongeza damu na tarehe, Jumatatu moja mwezi unaofuata. Alisema atafikiria.

Nyumbani alijizungusha siku tisa. Siku ya kumi, Jumapili asubuhi, mumewe alikuwa amekaa mlangoni anaburashi viatu vya kazi, akamwambia. Hakuzunguka. Alisema damu, alisema uvimbe, alisema mfuko wote unatoka, akamaliza, akasimama hapo amekunja mikono kama mshtakiwa.

Mume aliendelea kuburashi kiatu kilekile ambacho kilikuwa kimeshang'aa.

"Mimi nilidhani umenichoka," akasema. "Mwaka mzima unalala ukingoni mwa kitanda. Nikawa najiuliza nimekosa nini."

"Niliona aibu."

"Aibu kwangu?" Akaweka kiatu chini. "Sasa pakishatolewa, hapo ndani panabaki wazi?"

"Utumbo unajisogeza wenyewe."

"Kumbe." Akafikiri kidogo, kama fundi anavyofikiri. "Na sauti yako haiwi ya kiume? Nimewahi kusikia hivyo."

"Hivi unadhani inaweza kuwa kali zaidi ya hii?"

Wakacheka wote wawili, na kwa mara ya kwanza katika miezi mingi alikaa karibu naye. Palepale alikata shauri: mfuko utoke na mlango wake, ovari zibaki. Mume alisema ndoo ni zake, kupika atajifunza. Mkasi alilia kidogo. Alilia kwa nafuu, halafu akalia kwa jambo jingine ambalo mumewe hakulijua, kwa sababu ilikuwa rahisi kiasi hicho. Mtu mmoja aliambiwa ukweli na dunia haikupasuka. Angeweza kuusema karibu miezi miwili iliyopita, hatua nne kutoka kwenye furushi.

Jumatano ya wiki ya mwisho kabla ya upasuaji, bosi alipokuwa anampangia likizo ya ugonjwa, alimtajia kwamba itabidi atafute na mtu wa vifungo. Mama Vifungo anaacha kazi. Siku yake ya mwisho ni Ijumaa.

Mkasi alimfuata dirishani. Mama Vifungo alikuwa anashona amesimama. Tangu siku ile hakuwa amekaa chini mbele ya mtu, na Mkasi alikuwa ameliona hilo kila siku, akageuza macho kila siku.

"Nasikia unatuacha."

"Ndiyo, dada."

"Umepata kwingine?"

"Bado." Alifunga uzi, akaukata kwa meno. "Nikiingia tu humu ndani nasikia nanuka. Naoga mara tatu kabla ya kuja. Wenzangu wanasema hawasikii harufu yoyote, labda wananionea huruma. Nimeenda hospitali, wamenipima, wanasema sina tatizo. Lakini mimi ninasikia, dada. Nitafanya nini?"

Hapo palikuwa ni mahali pa kusema. Mkasi alifungua mdomo, ule ule mdomo uliokuwa haukosi neno, akasema, "Pole sana." Akarudi mezani kwake. Usiku na mchana wa Alhamisi alijichukia kwa yale maneno mawili.

Ijumaa, saa ya mapumziko, watu walipoanza kutoka kwenda ngazini, aliwazuia. Aligonga meza kwa rula yake ya chuma, na wote wakageuka wakitarajia kola ya mtu. Bosi alisimama mlangoni pa ofisi. Mama Vifungo alikuwa anakusanya sindano zake kwenye kopo.

"Jumatatu ninapasuliwa," Mkasi akasema. "Ninatolewa mfuko wa uzazi. Nimetokwa na damu miaka miwili na nimewaficha. Yale makoti meupe, lile doa, lilikuwa langu. Nilikaa pale kwanza, nikalifunika kwa karatasi. Nilimwona mwenzenu anakwenda bombani na nikanyamaza. Hakuwa yeye. Hakuwa yeye hata kidogo."

Sauti yake haikutetemeka, na hilo nalo lilimtia aibu. Alikuwa amejiandaa kwa mengi. Alijiandaa wacheke, na wangekuwa na haki. Alijiandaa bosi amtume bombani mbele ya watu, na angekwenda. Alijiandaa hata kutukanwa, na usiku kucha alikuwa ameyapanga matusi yenyewe kwa niaba ya Mama Vifungo, moja baada ya jingine, ili lolote lisimkute hajajiandaa.

Mama Vifungo aliweka lile kopo dirishani, akajipapasa nyuma ya gauni kama alivyofanya siku ile, akautazama mkono wake mkavu, akauinua puani, akaunusa. Kisha akajifunika uso akalia kwa sauti mbele ya watu wote. Mshonaji wa kola alimkimbilia, na wengine wakafuata, wakamzunguka. Mkasi alibaki peke yake mezani na rula mkononi, akijua fika kwamba katika machozi yale hapakuwa na hata tone moja la kumhurumia yeye.